Mvivu Gani Anayeamka Saa Kumi za Alfajiri?

Hapa Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kila mtu ni daktari wa kamari. Utambuzi ni mmoja na hauhitaji maabara: kijana aliyemaliza pesa ya duka kwenye tiketi za mpira ni mvivu, ana tamaa, hakulelewa. Utausikia kwenye kikao cha familia kilichoitwa kwa sababu ya deni. Utausikia mimbarini Jumapili, kwenye foleni ya samaki wa ndagala bandarini Kalundu, na hata kwa mkopeshaji wa banki lambert anayedai nusu ya deni kama riba ya mwezi mmoja, ambaye naye anaona kwamba tatizo la vijana wa leo ni kukosa maadili. Tiba nayo inajulikana: akemewe, aombewe, aoe.

Wako pia wanaosema kijana amelogwa. Hao nawaheshimu zaidi kidogo, kwa sababu angalau wanakubali kwamba upande wa pili yuko mtu anayefaidika.

Nitaueleza msimamo wa wengi vizuri kuliko wanavyoueleza wenyewe, maana si wa kijinga. Unasema hivi: mji mzima unapita mbele ya vyumba vilevile vya kubeti. Simu ni zilezile, umaskini ni uleule, vita ni vilevile. Ndugu wawili waliolala kitanda kimoja, mmoja anaweka tiketi ya franka 500 Jumamosi, anacheka, anakwenda zake. Mwingine anauza simu ya dada yake. Kama sababu ingekuwa nje, wote wawili wangeanguka. Basi sababu iko ndani ya mtu, na kilicho ndani ya mtu kinaitwa tabia. Ukianza kumtafutia sababu nyingine, umempa ruhusa ya kuendelea.

Nusu ya kwanza ni kweli: watu hawaanguki sawa. Nusu ya pili haiifuati. Hata kipindupindu hakiwapati watu sawa katika mji huu, ambao umeishi nacho miaka na miaka, na bado sijasikia mtu akisema kwamba aliyelazwa ana tabia ya kuhara. Tunauliza alikunywa maji gani, ya bomba, ya ziwa au ya mto Mulongwe, na mabomba mapya yalipochimbiwa mitaani hakuna aliyedai yapewe wenye maadili kwanza. Kwa kamari tumeamua kuuliza habari za mtu tu, na maji tumeyaacha.

1. "Ni mvivu"

Hili ndilo tusi la kwanza na ndilo bovu kuliko yote. Ukitaka kuwaona wateja wa kweli wa vyumba vya kubeti, usiende kwa wanaolala mpaka saa nne. Nenda kwa motari wa pikipiki aliyekuwa Kavimvira kabla mpaka haujafunguliwa, akiwania abiria wa kwanza wa kutoka Gatumba, upande wa Burundi. Nenda kwa mvuvi aliyekesha ziwani na taa, akarudi asubuhi macho mekundu, nguo zinanuka ndagala. Nenda kwa mwalimu anayefundisha darasa zima huku jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na ambaye tangu elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019 hata ile pesa ya wazazi haimfikii kama zamani. Hawa wakiwa wavivu, itabidi tutafute neno jipya la kuwaita wanaokaa.

Wazee wanaojisifu kwamba "sisi tulifanya kazi" husahau kutaja walifanya wapi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini mwa mji, kilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia. Aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto. Hajawahi kuuona mshahara unaokuja tarehe inayojulikana, kiasi kinachojulikana, na sasa anahukumiwa kwa kutokuwa na nidhamu ya pesa ambayo watu wa mshahara walikuwa nayo.

Tuangalie basi namna pesa inavyomfikia. Mvuvi wa ndagala anavua kwenye giza. Mbalamwezi ikikaa, samaki hawaifuati taa, na mitumbwi inalala mchangani siku kadhaa. Kwa hiyo kuna majuma ya kushika noti nyingi asubuhi moja, na majuma ya kukaa kivulini bila kitu. Motari anapokea noti kwa noti, na jioni, kabla hajala, lazima atoe pesa ya mwenye pikipiki. Wote wawili wana pesa ndogo ndogo mkononi kila siku, na hakuna anayejua kesho italeta ngapi.

Anachohitaji mtu huyu ni kitita. Franka elfu moja anayo. Hana pesa ya mabati, ya mahari, ya injini, ya pikipiki yake mwenyewe ili aache kumlipa mwenye pikipiki. Na kitita hakikusanyiki kwa elfu moja moja katika nyumba ambayo leo ina mgonjwa, kesho ina matanga, keshokutwa mjomba amekimbia vita kutoka Sange na watoto wanne. Pesa inayoonekana huombwa. Likelemba, ule mchango wa zamu, itamfikia baada ya miezi, kama mwenyekiti hajavuka mpaka. Benki haimjui. Tiketi ya mpira peke yake ndiyo inayomwambia: weka elfu moja leo, Jumapili usiku uwe na zaidi ya elfu hamsini, zote kwa mpigo, kabla mjomba hajapata habari.

Hili si wazo langu la kuwatetea jirani zangu. Mchumi Sylvan Herskowitz aliwafuatilia wachezaji wa kubeti mjini Kampala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Aliona kwamba haja ya kitita kwa ajili ya matumizi makubwa inaongeza hamu ya kubeti. Baadhi yao walipopewa sanduku la kuwekea akiba, hamu ya tiketi ikapungua. Sanduku tu! Kama ugonjwa ungekuwa uvivu, sanduku lingefanya kazi gani?

2. "Ana tamaa"

Tamaa, haya. Lakini ya nani, na imepandwa na nani?

Madaktari wa akili wanajua jambo moja ambalo vikao vyetu vya familia hulisoma kinyume. Miongoni mwa wanaozama, wengi walibahatika mapema. Robert Custer, daktari wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuwatibu watu hawa, aliiweka hatua ya kushinda mwanzoni kabisa mwa safari ya mgonjwa. Anayepoteza tiketi zake za kwanza zote huchoka, akaacha. Anayepata laki moja mwezi wa kwanza amefundishwa somo ambalo halitafutika haraka, na mtaa mzima umemsaidia kulisoma: siku ile alipolipa soda kwa wote, hakuna aliyesema ana tamaa. Tulisema ana akili ya mpira. Baba yake alikula samaki wa mikeke walionunuliwa kwa ile pesa na akasifu mapishi. Neno tamaa lilitoka kabatini miezi sita baadaye, pesa ilipokwisha.

Kuna ushahidi mwingine ambao napenda kuuweka mbele ya kila anayeniambia ni tabia tu. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 11 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, walioanza kucheza kamari bila kujizuia baada ya kupewa dawa za aina fulani, hasa pramipeksoli, inayofanya kazi kwenye mkondo wa dopamini ubongoni. Walikuwa watu wazima wenye maisha yaliyotulia. Dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa, wengi wao wakaacha. Basi niambiwe: je, kidonge kiliwavua malezi waliyopewa na mama zao, halafu daktari alipokiondoa malezi yakarudi? Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuhamisha ugonjwa huu mwaka 2013 kikauweka kwenye kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Sisi bado tumeuweka kwenye kundi la watoto wasiosalimia.

Na kama tamaa ni dhambi, tuihukumu popote ilipo. Katika baadhi ya makanisa ya mwambao huu, mhubiri anayelaani tiketi za mpira saa nne asubuhi ndiye anayesema saa tano kwamba mwenye kupanda mbegu ya dola kumi atavuna mara mia, na kwamba anayesitasita hana imani. Weka kidogo, ngoja makubwa, usipopata jaribu tena kwa moyo zaidi: msikilizaji mwenye umri wa miaka 19 afanyeje asione ufanano? Tofauti ninayoiona ni moja. Chumba cha kubeti kinatoa risiti.

Serikali nayo inakunja uso, huku ikiwa na SONAL, shirika lake lenyewe la bahati nasibu. Ng'ambo ya mpaka Burundi ina LONA yake. Tamaa ikipita kwenye dirisha la taifa huitwa mapato.

3. "Hakuna aliyemlazimisha"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wenye msimamo ule wanapojiona salama. Mtu mzima aliingia kwa miguu yake, akatoa pesa yake, akachagua timu zake. Kweli. Tuangalie alichouziwa.

Chukua tiketi ya mechi 10. Kila mechi amechagua timu kubwa, ile ambayo kila mtu mtaani Kimanga anajua itashinda, na kila moja inalipa mara 1.50. Zidisha 1.50 kwa yenyewe mara kumi, unapata 57 na ushei. Franka 1,000 zinakuwa zaidi ya 57,000. Hiyo ndiyo hesabu anayoiona, na hajakosea.

Asichokiona ni kwamba timu inayolipwa 1.50 haina nafasi mbili kwa tatu za kushinda. Kampuni imekwisha kukata sehemu yake kabla ya kubandika namba. Tuseme nafasi ya kweli ni 62 kwa 100, yaani kampuni imekata 7 tu kwa kila 100, ukato ambao hakuna wa kuulalamikia. Timu zote 10 kushinda pamoja kunatokea mara 1 katika tiketi kama 119. Kwa wastani atatoa franka 119,000 ili apokee 57,000 na ushei. Ule ukato mdogo wa asilimia 7, ukirudiwa mara kumi ndani ya karatasi moja, umekula zaidi ya nusu ya pesa. Ndiyo maana kampuni zinatoa zawadi kwa wanaoongeza mechi kwenye tiketi, wala hazitoi zawadi kwa anayechagua mechi moja.

Lakini kupoteza pesa peke yake hakumfungi mtu. Kinachomfunga kimo kwenye hesabu ileile. Kwa namba hizohizo, tiketi inayokosa kwa mechi moja tu, tisa zimepita na ya kumi imegoma, hutokea takriban mara 1 katika tiketi 19. Yaani kukosa kwa mechi moja hutokea mara sita zaidi ya kushinda. Simama mlangoni Jumapili saa tano za usiku usikilize. Huwezi kusikia "nimepoteza". Utasikia "ni Arsenal tu ndiyo imeniua", "dakika ya 93, ndugu yangu, ya 93!" Kila mmoja ana timu moja iliyomsaliti, na kila mmoja anaondoka na uhakika kwamba alikuwa amefika. Sakafuni tiketi zimekanyagwa hadi wino umefutika, na wenyewe wanajadili Jumatano kuna Ligi ya Mabingwa.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge walichunguza ubongo wa watu wakicheza mashine ya bahati. Kukosa kwa karibu sana kuliwasha sehemu zilezile za ubongo zinazowaka mtu anaposhinda, na kukaongeza hamu ya kuendelea, ingawa pesa imeliwa vilevile. Zamani zaidi, B. F. Skinner alikuwa ameonyesha kwamba njiwa anayepata punje bila mpangilio unaotabirika hudonoa kitufe kwa bidii kuliko anayepata kila anapodonoa. Kwa hiyo tiketi ya mechi 10 ni kazi ya kitaalamu. Anayeinunua ana franka elfu moja na mapenzi ya mpira. Aliyeitengeneza ana wanahisabati. Kisha tunaitisha kikao cha familia kumuuliza wa kwanza kwa nini hakuwa na moyo mgumu.

Na mpira angalau una subira, dakika tisini. Siku hizi simu imejaa ile ndege, Aviator, mchezo wa Spribe, kampuni iliyoanzia Georgia, ile ya Caucasus. Ndege inapaa, namba inapanda, unatakiwa kuchomoa pesa kabla haijatoweka. Duru moja ni sekunde tu. Watengenezaji wanatangaza kwamba mchezo unawarudishia wachezaji asilimia 97, na watu husikia 97 wakadhani wamependelewa. Fanya hesabu: anayecheza franka 1,000 kila duru, duru 200 kwa jioni moja, amezungusha 200,000. Asilimia 3 yake ni 6,000. Aliingia na 5,000. Hakuna bao la dakika ya 93 la kulaumiwa hapo. Kasi ya mchezo yenyewe inatosha, na wataalamu wanaihesabu kasi hiyo kati ya hatari kubwa: kadiri muda kati ya dau na jibu unavyopungua, ndivyo mtu anavyokosa nafasi ya kuinua kichwa.

Zamani alihitaji kuinuka, avae viatu, apite mbele ya shangazi yake mpaka chumba cha kubeti. Usiku mlango ulifungwa na aibu ikapata muda wa kufanya kazi yake. Sasa pesa iko M-Pesa au Airtel Money, chumba cha kubeti kiko mfukoni, na ujumbe wa "bonasi yako inaisha leo" unamfikia kitandani, pembeni mwa mke aliyelala.

Uingereza ilipoona mashine za kubeti zimewamaliza watu, haikuwapelekea wahubiri. Aprili 2019 ilishusha dau la juu la mashine hizo kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mchezo mmoja. Aprili 2020 ikakataza kubeti kwa kadi za mkopo. Waingereza hawakuwa wamebadilika tabia usiku ule. Kilichobadilishwa ni mashine.

4. "Hakulelewa"

Nitakuwa mfupi. Mtoto wa Uvira anayevaa jezi ya mitumba ya klabu ya Uingereza amebeba tangazo la kampuni ya kubeti kifuani tangu darasa la pili, na aliyemnunulia ni baba. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe ziliona haya: Aprili 2023 zilikubaliana kuondoa matangazo hayo kifuani mwa jezi, mwisho wake msimu wa 2025–26. Mikononi yanaruhusiwa bado, haya haikufika huko. Na jezi za zamani zitaendelea kuteremshwa na marobota ya mitumba kwa miaka mingi baada ya Waingereza kutakata.

Mlangoni pa chumba cha kubeti panaweza kuandikwa miaka 18. Simu haina mlango, na laini imesajiliwa kwa jina la mama. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, iliweka miaka 25 kuwa umri wa chini wa kucheza kamari. Tume ya jarida la Lancet Public Health kuhusu kamari, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2024, inakadiria kwamba miongoni mwa wanaobeti michezo, ugonjwa wa kamari huenda unawapata watu wazima kama 9 kwa 100, lakini vijana wadogo kama 16 kwa 100. Kuanza mapema ni hatari inayojulikana, na sisi tunamruhusu aanze mapema kisha tunamlaumu kwa kuanza.

Halafu, akitoka shule, aende wapi? Umeme ukikatika jioni mtaani, chumba chenye jenereta, viti, televisheni kubwa, mahali pa kuchaji simu na watu wa rika lako kinajulikana. Hakuna maktaba inayoshindana nacho, na kwaya ina mazoezi mara mbili kwa juma. Anayetaka kuzungumza habari za malezi aeleze kwanza kwa nini chumba chenye mwanga mtaani kimejengwa na wauza tiketi.

5. "Mbona wengine wanacheza na hawadhuriki?"

Turudi kwa wale ndugu wawili wa kitanda kimoja. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliochunguza maelfu ya mapacha, wanaume waliokuwa jeshini enzi za vita vya Vietnam, waliona kwamba mwelekeo wa kuzama kwenye kamari kwa sehemu hurithiwa. Basi yule anayecheka na kwenda zake pengine hana ushujaa wowote. Amezaliwa na mwili mwepesi wa kuacha, kama mwingine alivyozaliwa asiyepata malaria kali, na anajivunia alichopewa bure.

Kuna pia kile ambacho watu wamebeba. Utafiti juu ya wanajeshi wastaafu, Marekani na Uingereza, unaonyesha mara kwa mara kwamba kamari ya kuzama inafuatana na majeraha ya vita ya rohoni, sonona na ulevi. Sasa geuza macho ututazame sisi. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika ukachukua watu na nyumba usiku mmoja. Ziwa limepanda likameza nyumba za ufukweni. Februari 2025 Bukavu ilianguka na serikali ya mkoa ikahamia hapa, Desemba mwaka huohuo vita vikaingia mjini kwetu wenyewe na watu kwa makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi. Mtu aliyerudi akakuta duka halina mlango, analala saa mbili tu kwa usiku, na mchezo ule wa ndege ndio pekee unaomnyamazisha kichwa kwa nusu saa. Wengi wa wanaozama hawafuati pesa tena. Wanafuata ile nusu saa. Mtu akiwaambia "tulia, tafuta kazi", hajakosea sana, amekosea mtaa tu.

Lakini swali lenyewe, "mbona wengine hawadhuriki", lina mtego ambao watetezi wa biashara hii wanaujua vizuri. Julai 2020 kamati ya Bunge la Malordi la Uingereza ilitoa ripoti ikisema kwamba asilimia 60 ya faida ya kampuni za kamari inatoka kwa asilimia 5 ya wachezaji, wale waliokwisha zama au walio ukingoni. Wale wanaocheza kidogo, wakacheka, wakaenda zao, ndio wanaopigwa picha kwenye matangazo. Wanaolipa kodi ya jengo ni wengine. Ukimtoa mlevi wa kamari kwenye hesabu, biashara haibaki ileile ikipungua kidogo. Inabomoka. Kwa hiyo mtu tunayemwita mteja mbaya, aliyeshindwa kucheza kwa kiasi, kwa upande wa kaunta ndiye mteja bora.

Nao wasiocheza kabisa wanadhurika. Muulize mama mwenye beseni la ndagala sokoni Mulongwe. Mtaji wake wa asubuhi, ule wa kununulia mchangani mitumbwi ikifika, ukichukuliwa usiku na mume kwa simu, hana biashara siku hiyo, wala siku ya pili. Anakwenda kuomba kwa mkopo, analipa zaidi ya bei ya wenzake, na faida inakwisha kabla hajafika sokoni. Zamu yake ya likelemba anaitumia kuziba shimo. Hajawahi kushika tiketi maishani. Kwenye kikao cha familia anaambiwa awe mvumilivu na apike vizuri ili mume akae nyumbani.

6. "Ukimtafutia sababu, unampa ruhusa"

Hii ndiyo hoja ya mwisho na ndiyo pekee inayotamkwa kwa upendo, kwa hiyo naijibu kwa adabu. Papa, mama, ruhusa mliyompa ninyi ni kubwa zaidi. Kijana aliyeaminishwa kwamba tatizo ni roho yake mbovu ana njia moja tu ya kuthibitisha kwamba si mbovu: kushinda. Akirudisha pesa yote kwa tiketi moja, kesi imefutwa, hakuna aliyejua. Kwa hiyo anaongeza dau. Kufukuza hasara ni dalili ambayo madaktari wanaitafuta mapema, na aibu ndiyo inayoichochea. Kila hotuba ya tabia ni sababu moja zaidi ya kuficha.

Akitaka kusema, amwambie nani? Hospitali kuu ya Uvira ina kipindupindu na majeruhi wa kuhangaikia. Wataalamu wa akili wanaojulikana wako kwenye kituo cha SOSAME, Bukavu, na mstari wa mbele wa vita umekaa kati yetu na wao, au kwenye kituo cha Kamenge, Bujumbura, ambako aende siku mpaka umefunguliwa, na nauli ambayo tayari ameibeti. Vyote viwili vinaongozwa na Mabradha wa Upendo, Wakatoliki ambao hawakungoja wagonjwa wao watubu ndipo wawafungulie. Hapa mjini hata kile kidogo kisichogharimu chochote hakipo: hakuna mahali mke anaweza kwenda kusema "laini hii ifungiwe kubeti" na ikafungiwa, ingawa kampuni za simu zinajua hadi franka ya mwisho ni nani anatuma nini kwa nani saa tisa za usiku. Sijasikia kikao cha familia, wala mahubiri, wala kipindi cha redio kikiwadai hilo.

Kinachobaki ni banki lambert. Mkopeshaji hamuulizi mtu habari za tabia. Anauliza ana nini cha kuweka rehani, anachukua karatasi za kiwanja, na anatunza siri vizuri kuliko mchungaji. Ndiyo maana mjini kwetu, wa kwanza kujua kwamba mwanamume amezama ni mkopeshaji, na mke anajua siku watu wanapokuja kupima kiwanja.